Masafa ya Malori ya Theluji

Aili Kangas alimcheka mumewe vuli nzima. Reino, mzee mwenye mvi mpaka masikioni, alikuwa akienda kuegesha gari kando ya ghala la chumvi ya kuyeyusha barafu la idara ya barabara, redio yake ya kunasa mawimbi mapajani na chupa ya kahawa pembeni, akingoja dereva yeyote wa lori la kusukuma theluji barabarani afungue mdomo. Idara ilikuwa imehamia masafa mapya ya redio bila kumwambia, na yeye alilipokea jambo hilo kama mtu aliyepewa talaka.

"Ukikaa karibu nao," alimweleza mkewe, ambaye hakuuliza, "sauti yao inazizidi nyingine zote. Redio inaidaka yenyewe."

"Na ukishaidaka? Hiyo redio ina masikio tu, haina mdomo."

"Nitajua lori liko wapi."

"Lori liko barabarani, baba. Haya, nimekwambia bure."

Sasa theluji ilikuwa imefika madirishani na Aili hakuwa na la kucheka. Umeme ulikatika, na mashine iliyompa hewa ikazima nao. Mti uliangukia waya wa simu, na simu ya mkononi haikupata mtandao bondeni humo hata siku ya jua kali. Alikuwa amelala kwenye kochi, mrija puani, akivuta hewa ya mtungi wa akiba, na mshale wa mtungi ulikuwa umeingia kwenye rangi nyekundu. Barabara isipofunguliwa leo, hakuna gari la wagonjwa litakalofika. Wote wawili walilijua hilo.

Asubuhi hiyo redio, iliyotumia betri, ndiyo iliyowaambia kwa nini lori haliji.

"Bernice, hii barabara ya akina Kangas niingie?" aliuliza Wes, dereva mgeni.

"Kuna mtu huko?" Bernice alikuwa ofisini, ndiye aliyewapanga madereva.

"Wapi. Sanduku la barua wameshaling'oa. Hao wako Florida, wanaota jua."

"Basi ukifika banda la viazi la Heikkila, geuza."

Reino aliweka kikombe chini. Kule kwao, anayeng'oa sanduku lake la barua kabla ya baridi ni yule anayekimbilia kusini kwenye joto, na madereva wote huisoma alama hiyo. Yeye alikuwa ameling'oa kwa ubahili tu, maana kila mwaka jembe la lori, lile bamba la kusukumia theluji, lilikuwa likilivunja naye akinunua jingine. Barua zake alizifuata posta mwenyewe. Rahisi ghali, wahenga hawakukosea.

"Nimetuzika kwa mikono yangu," alisema.

Alivaa viatu vipana vya kutembelea juu ya theluji, akachukua koleo la kujiegemezea. Aili alimkataza. Reino alimwekea redio kifuani, akamfunika blanketi mpaka kidevuni, akatoka kwenda banda la viazi amuwahi Wes kabla hajageuza.

Aili akabaki peke yake na ile redio. Nje hakuonekana mti wala uzio, weupe mtupu.

"Sioni hata pua ya lori," Wes alisema. "Natambaa tu."

"Wes, huku mnanipigia kelele watu watano," Bernice akamjibu. "Hamia kule kwingine, masafa ya pili."

Redio ikaendelea na sauti za madereva wengine, Wes hayumo. Kwingine wapi? Aili alizitazama zile namba za masafa akaona maji yamemfika shingoni. Kisha akakumbuka kidole cha Reino kikibonyeza kitufe cha kutafuta, mara mia, mezani, nisu, ule mkate mtamu wa kwao, ikipoa na kahawa ikipoa, naye akijifanya hasikii. Alikuwa akisikia yote, basi tu hakutaka kumpa mzee raha hiyo. Akabonyeza. Namba zikakimbia. Zikasimama kwa dereva wa basi la shule, akamruka. Zikasimama kwa wakata magogo, wanatukanana, akawaruka. Pumzi ikawa fupi, lakini kidole hakukiondoa.

"...narudia, nimegonga kitu."

"Kitu gani, Wes?"

"Sijui. Jembe la pembeni limekikumba. Kizito."

"Si sanduku la barua?"

"Bernice, huku hakuna sanduku."

"Shuka ukaangalie. Shuka sasa hivi."

Aili aliishika redio kwa mikono miwili, akaisogeza mdomoni kabisa, akaisemesha. Ni mume wangu huyo, alisema. Mume wangu yuko hapo. Alisema mpaka hewa ikamwishia, na redio ikamvumia tu. Alimchukia Wes, akaichukia theluji, akajichukia yeye kwa kila mzaha wa vuli ile.

Kisha redioni mlango wa lori ulibamizwa, Wes ameshikilia kitufe cha kuongea. Mtu alikuwa akihema.

"Mzee, usijigeuze, mguu umevunjika."

"Achana na mguu wangu. Nipe hicho kipaza sauti. Kinabonyezwa wapi?"

Aili aliziba mdomo wake.

"Aili," Reino akasema. "Mama, sijui kama umetupata huku. Nimegongwa kidogo. Gari la wagonjwa linaitwa, na huyu kijana anakuja kufungua njia mpaka mlangoni. Usiongee. Vuta hewa polepole, usiimalize."

"Mzee, unaongea na nani?"

"Mke wangu. Yuko nyumbani na redio yangu ya kusikiliza tu."

"Lakini hawezi kukujibu."

"Najua. Ndoa nzima, ndiyo mara yangu ya kwanza kusema asinijibu."

Aili alicheka, akalia, akatumia hewa ambayo hakuwa nayo ya kutumia. Humo redioni, nyuma ya sauti ya mumewe, injini ya lori ilianza kunguruma kwa nguvu, ikija.