Nukta Moja Juu ya Mstari

Mbaruku alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kitanda, uji kijiko kimoja mdomoni, akingoja koo limfungukie. Uji wenyewe ulikuwa umechujwa kwa kitambaa mara mbili mpaka ukawa kama maji ya kuoshea mchele. Ulishuka nusu, ukasimama, ukarudi. Akautema kwenye kopo, akapumua kwa kifua kizima. Huyu ndiye mwanamume aliyekuwa akiburuta mkokoteni wa magunia kutoka Kariakoo mpaka Mchafukoge huku akiwatania wauza kahawa njiani.

"Nenda, Mama Ummy," alimwambia mkewe kwa ile sauti ndogo iliyomsalia. "Nyama yangu wameichukua. Kasikie wameona nini."

Mwanamkuu akamfuta kidevu, akavaa fulana nyeupe ya mradi wa utafiti juu ya gauni lake, akajitanda mtandio. Moyo wake haukuwa na hofu. Alikwenda kusikiliza habari za mumewe tu, kwa kuwa alishajua kwamba yeye na bintiye wamesalimika.

Alijuaje? Mwaka uliotangulia, watafiti walikata kipande cha uvimbe kwenye umio wa Mbaruku, ile njia ya chakula, kisha wakaomba damu ya watu wasioumwa ili wailinganishe na ya wagonjwa. Mwanamkuu akatoa. Binti yake Ummy akatoa. Akatoa pia mwanamke aitwaye Ila, mwenye duka la vitambaa ambamo Ummy alikuwa muuzaji, kwa sababu baba yake, mzee Manubhai, alikufa kwa ugonjwa huohuo. Wote wakaandikwa wazima. Sasa, mtu wa Kariakoo akitolewa damu anajua kinachofuata: ukiwa na kitu unaitwa, usipoitwa shukuru. Miezi ikapita, hakuna aliyeitwa. Mwanamkuu akakaanga maandazi beseni zima, akawagawia watoto wa madrasa, sadaka ya shukrani kwa ajili ya mwanawe. Maandazi hayo yalikuja kumtokea puani.

Ukumbi ulikuwa katika hoteli mpya karibu na Mnazi Mmoja, moja ya zile zilizoota baada ya soko huria kuingia nchini, vioo kutoka chini hadi juu na baridi ya kutetemesha meno. Wafadhili walikaa mbele kwenye viti vyenye vitambaa. Wenye fulana walipangwa nyuma.

Daktari Tarsis, mkuu wa utafiti, alikuwa na sauti nzuri na alijua kueleza. "Ndani ya miili yetu kuna vipande vidogo mno vinavyoitwa maikro-RNA," alisema. "Kazi ya kila kimoja ni kama ya nyapara. Kinaiambia jeni hii nyamaza, ile punguza kazi. Saratani ya umio, ya tumbo au ya utumbo inapoanza, manyapara hawa wanavurugika. Wengine wanazidi, wengine wanatoweka. Na tunaweza kuwaona kwenye damu hata kabla chakula hakijaanza kukwama."

Picha ikawaka ukutani. Nukta nyekundu, ambazo ni wagonjwa, zilijazana juu ya mstari. Za kijani, ambazo ni wazima, zilitulia chini yake. Isipokuwa moja. Nukta moja ya kijani ilikuwa juu kabisa, katikati ya zile nyekundu.

"Huyu hapa mzima mmoja amevuka," daktari alisema, na uso wake ukachangamka. "Kiwango chake ni cha mgonjwa. Hii inatutia moyo sana! Maana yake kipimo chetu huenda kikamkamata mtu mapema, akiwa bado anakula na kucheka."

Watu wa mbele wakapiga makofi. Wa nyuma nao wakapiga kwa kuwafuata wa mbele. Mwanamkuu alipiga mawili, matatu, halafu mikono ikamgomea. Akasimama.

"Samahani, Dokta. Huyo wa kijani ni nani?"

"Swali zuri, mama. Hatujui. Majina yaliondolewa ili kulinda siri zenu."

"Siri ni yetu, halafu tunafichwa sisi?"

Mtu akacheka mahali fulani. Daktari akatabasamu kwa subira. "Huu ni utafiti, mama, si matibabu. Mlielezwa siku ile. Na kipimo hakijathibitishwa. Nikimtaja mtu leo, naweza kumtia hofu bure."

"Mtie. Hofu itampeleka akamulikwe koo. Namba za chupa si mnazo?"

"Orodha ya namba na majina iko kwa wafadhili, ng'ambo. Na mradi umeshafungwa."

Kwenye kiti cha mbele, mgeni mmoja aliinama kwenye simu yake. Ndipo Ila aliposimama, pochi mkononi. "Daktari, nitawalipia wote. Niambie tu hicho kipimo kinauzwa wapi."

"Bado hakiuzwi, dada. Kampuni ya wafadhili inakamilisha hatimiliki ya kipimo. Kitaingia sokoni, na siku moja kitafika hapa."

Ila hakuwa amezoea kuambiwa kuna kitu hakinunuliki. Aliganda na pochi yake.

Ummy akamvuta mama yake fulana. "Mama, kaa basi. Watu wanatuangalia."

"Waangalie. Wewe umeanza lini kushushia kila tonge kwa maji?"

Alikusudia kunong'ona. Ikamtoka kwa sauti, na ukumbi mzima ukasikia. Ila akageuka kumtazama msichana wake wa dukani.

"Wali ninaokula dukani ni mkavu tu, mama," Ummy alisema. "Mbona siku nyingi."

Hasira ilimpanda Mwanamkuu kuanzia miguuni. Akapita katikati ya viti, akawapita wafadhili mmoja mmoja, akafika ukutani na kuweka kidole juu ya ile nukta. Rangi ya kijani ikamwangukia ukuchani.

"Sitoki hapa. Mniambie huyu ni mtoto wa nani."

"Zima," daktari alimwambia fundi, kwa upole.

Picha ikatoweka. Ukuta ukabaki mweupe mtupu, na Mwanamkuu ameubana kwa kidole palepale. Wageni wakaanza kujipenyeza kuelekea kwenye chakula, wengine wakimtupia jicho la huruma. Mlinzi alisogea, akasita, akamtazama daktari.

Kipaza sauti kikakoroma. "Wagonjwa watahudumiwa kwenye meza ya karibu na mlango," alitangaza msichana wa mapokezi. "Wale wazima, chakula chenu kiko nje upande wa kushoto. Wazima wote, tafadhali, karibuni."

Viti vya nyuma vilijaa fulana nyeupe. Kila mmoja alimtazama mwenzake, na hakuna aliyeinuka.