Minazi Mitatu ya Bi Dija

Kabla ya kununua kile kiwanja cha Kaole, Nasrin aliuliza kila kitu. Aliuliza mipaka, akaonyeshwa mawe yote manne. Aliuliza hati, akaenda nayo ofisi ya ardhi kuhakikisha haina mgogoro. Aliuliza kama Twalha, aliyekuwa akiuza, ana mke, na mke akaitwa akatia sahihi mbele ya mwanasheria. Hata mwenyekiti wa mtaa alishangaa, maana wanunuzi wengi huuliza bei na njia ya gari, basi. Lakini mwanamke huyu wa mjini Bagamoyo, aliyelelewa kwa wali wa nazi, hakuuliza minazi iliyomo ni ya nani. Watu walimcheka, na walikuwa na haki ya kucheka.

Alijua siku fundi alipopigilia vigingi na kuvuta kamba za msingi. Mama mmoja wa jirani, Bi Dija, msukaji wa makuti, alifika na mkwezi wake, na mkwezi akapanda juu bila hata kubisha hodi.

"Shikamoo, mama. Mbona mnaangua nazi zangu?"

"Marahaba. Zako tangu lini?" Bi Dija hakumtazama; macho yake yalikuwa juu kwa mkwezi. "Twalha amekuuzia ardhi. Minazi aliipanda baba yangu kwa ruhusa ya babu yake Twalha, na mimi ndiye niliyeirithi. Mpigie umuulize."

Akampigia. Twalha akasema ni kweli, alidhani Nasrin anajua, nani wa pwani asiyejua kwamba ardhi huweza kuwa ya huyu na miti ya yule? Nasrin aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Shangazi yake mwenyewe alikuwa na minazi katika shamba la watu.

Aibu ingepita, ila mkopo haungengoja. Akiba yake ya miaka tisa ya kuuza mashuka na mapazia iliishia kwenye kiwanja. Vyumba sita vya kupangisha walimu na wauguzi vilikuwa vijengwe kwa mkopo usio na riba: benki inunue vifaa, imuuzie kwa faida inayojulikana, na hati ikae kwao kama dhamana. Mthamini wa benki alikuwa aje Alhamisi. Benki haitii mkono penye dai la mtu mwingine, na wakikataa, Nasrin angebaki na nyasi na mawe manne.

"Dada, hilo nalo la kukunyima usingizi?" alisema Adamu, dalali aliyemtafutia kiwanja. "Yule mama hana karatasi. Mthamini akiuliza, sema minazi ni yako. Kwisha."

Nasrin alishawishika, tusimvike utakatifu asio nao. Siku mbili nzima alilipima neno hilo. Mwisho akaenda mwenyewe kwa Bi Dija, akamkuta kibarazani na makuti mapajani, akataja bei nzuri.

"Siuzi."

"Nitaongeza, mama."

"Ongeza mpaka uchoke. Twalha analiuza shamba la babu yake vipande vipande, na wewe ni mnunuzi wa tatu. Minazi ilikuwa saba. Wa kwanza alikata miwili, wa pili miwili. Nilikwenda kushtaki, nikaulizwa karatasi iko wapi. Karatasi!" Akavuta ukuti kwa nguvu. "Baba yangu alipewa ruhusa kwa mdomo, na mdomo ule ulikuwa wa muungwana."

Nasrin aliaga. Alirudi kiwanjani, akamwambia fundi asogeze kamba. Fundi alinung'unika kwamba chumba kizima kinapotea. Kipotee, akasema Nasrin, vitano vinatosha, na akashangaa kwamba moyo wake ulitulia.

Alhamisi mthamini alifika na fomu zake. Alipima, akapiga picha, akafika kwenye mstari wa fomu unaouliza miti ya kudumu. "Minazi mitatu. Ni yako?"

Adamu alimkazia Nasrin macho. Ng'ambo ya ua wa michongoma Bi Dija alikuwa ameinama, akijifanya anaokota makuti.

"Si yangu," Nasrin alisema. "Ni ya Bi Dija, yule pale. Nimesogeza msingi isiguswe."

Mthamini akafunga kalamu. "Umefanya vizuri kusema. Lakini kwa hali hii benki haitakubali. Labda mwenyewe aandike kwamba ardhi si yake, minazi tu ndiyo yake, na kwamba hapingi ujenzi."

Nasrin alitaka kumwomba Bi Dija. Amwombe tena kwa uso gani? Bi Dija mwenyewe ndiye aliyezunguka ua akaja, makuti kwapani.

"Hayo maandishi yatasema minazi ni ya nani?"

"Ni yako, mama," mthamini alijibu.

"Na jina langu litakuwamo?"

"Lazima liwemo."

"Na muhuri?"

"Wa mwanasheria."

"Basi twendeni. Mnangoja nini?"

Walikwenda wote wanne kwa mwanasheria mjini. Karatasi ikachapwa, Bi Dija akatia dole gumba, Nasrin akatia sahihi, muhuri ukagongwa. Mthamini alichukua nakala yake, akasema kwa karatasi hii vifaa havitachelewa.

Bi Dija hakunyanyuka kitini. Alimpa Nasrin nakala yake amsomee.

"Mimi, Dija binti Husseni, mmiliki halali wa minazi mitatu iliyopo Kaole..."

"Hapo." Bi Dija alimshika mkono. "Rudia hapo."

Nasrin akarudia. Adamu alikohoa, njaa ilikuwa imemshika.

"Tena, mwanangu."

Nasrin akasoma tena, polepole, na safari hii Bi Dija alikuwa akitamka pamoja naye.