Jiwe Juu ya Kebo

Wewe unayesoma umetazama pembeni, na usikane. Umepita chini ya ile minara ya chuma inayobeba umeme kutoka milima ya Uskoti kwenda mijini, ukasifu mandhari, ukawapiga picha kondoo, wala hukujiuliza kwa nini nyumba zilizo chini ya nyaya hizo zinawasha taa za mafuta. Watu wa rasi ya Ardvoran wanajua kwa nini. Bonde lao lilizamishwa ili bwawa lijae. Nyumba ya bibi yake Beathag, mwanamke wa huko, imo humo majini mpaka leo, na umeme uliozaliwa hapo unawapita juu ya vichwa bila hata kubisha hodi.

Asubuhi hiyo ya Februari Beathag alizunguka jikoni kama kuku anayetafuta pa kutagia. Uji wa shayiri uliungulia sufuriani, hakuusikia. Alichosikia ni harufu nyingine, ya plastiki, kutoka ukutani.

Baba yake, mzee Eachann, alikuwa amelazwa hospitali mjini Inverness kwa mapafu. Madaktari walikubali arudi nyumbani na mashine ya kumsaidia kupumua akilala, ila kesho yake muuguzi angekuja kuona kama nyumba ina umeme wa kutegemewa. Ukikosekana, mzee angepelekwa nyumba ya wazee mjini. Beathag alimjua baba yake. Huko asingefika hai majira ya kondoo kuzaa.

Mlango ukafunguka, akaingia Torcuil, jirani yake, theluji ya viatu akaiacha katikati ya sakafu.

"Harufu gani hii? Umeunguza mkate?"

"Nimeunguza kontrola."

Kontrola ni kile kisanduku kinachopokea umeme wa paneli za jua na kuipimia betri chakula chake. Kikifa, paneli ni vioo tu.

"Wewe ndiye umeiunguza?"

"Sisi, Torcuil! Usinikimbie."

Torcuil alikaa, kofia mkononi. Mchoro wa nyaya aliuchora yeye, nyuma ya kalenda. Paneli nne wameziweka juu kwenye mteremko, kwa kuwa majira ya baridi mlima huifunika nyumba kwa kivuli mchana kutwa. Kutoka huko hadi kwenye betri ni mwendo, na kebo waliyokuwa nayo ilikuwa nyembamba, masalia ya shamba la samaki lililofungwa. Ndipo wakaziunga paneli zote kwa mfululizo, moja ikishika mkia wa nyingine, ili volti ziwe nyingi na mkondo uwe mdogo. Jana, chini ya mawingu, mambo yalikwenda. Leo kumekucha barafu, mbingu nyeupe, jua kali kama kisu.

"Paneli nne, volti tisini na sita," Torcuil alisema. "Kontrola inabeba mia. Hesabu sijakosea, dada yangu."

"Soma maandishi madogo nyuma ya paneli."

Alisoma, midomo ikicheza. Vipimo vile vilichukuliwa kwenye joto la nyuzi ishirini na tano.

"Sisi hapa joto hilo tunalipata lini?" Beathag aliuliza.

"Siku ile shangazi yako alipozimia kanisani kwa joto."

"Na paneli ikipigwa baridi hupandisha volti. Zimepita mia, kontrola ikapasuka. Hata namba zao zimeandikwa kwa ajili ya watu wengine!"

Dawa waliijua wote wawili: waziunge mbilimbili, jozi kando ya jozi. Volti zingeshuka nusu na mkondo ungeongezeka mara mbili, nao mkondo huo ulitaka kebo nene. Ile nyembamba ingepata moto na kuula umeme njiani. Beathag alipiga simu dukani kuagiza kebo nene.

"Tunapeleka kesho nchi nzima," binti wa dukani alijibu, "isipokuwa huko kwenu Nyanda za Juu. Huko ni wiki mbili."

"Nyanda za Juu ziko nchi gani, mwanangu?"

Simu ikakatwa.

"Kontrola chukua ya kwangu," Torcuil alisema polepole. "Nitalala na mishumaa kama askofu. Lakini kebo..."

Wote wawili walikuwa wanatazama dirishani, kule ufukweni.

Ardvoran wana desturi. Ukiokota kitu pwani, ukakivuta juu ya alama ya maji kujaa na kukiwekea jiwe, ni chako. Hakiguswi, hata mwenyewe akienda Kanada akazeekea huko. Sasa, mwaka ule kampuni ya umeme ilipoahidi kuleta laini, walikuja watu wenye kofia za njano, wakala mikate ya mama yake Beathag, wakapigwa picha, wakashusha pale ufukweni gurudumu kubwa la mbao lililoviringishiwa kebo nene ya kuingizia umeme majumbani. Kisha wakaondoka moja kwa moja. Mzee Eachann ndiye aliyeweka jiwe juu yake, kwa niaba yao. "Watarudi," alisema. "Wasije wakasema tumewaibia." Tangu hapo watu walichoma viti wapate moto, walifunga mageti kwa kamba za nailoni, lakini kebo ile hakuna aliyekata hata shubiri. Walilinda mali ya mtu aliyewasahau!

Beathag alishuka ufukweni bila koti. Torcuil akamfuata na msumeno.

"Ni jiwe la baba yako, Beathag."

"Ndiyo maana nitalitoa mimi."

"Na ushahidi wa ahadi yao?"

"Shahidi gani huyu, miaka yote hii haulizwi kitu?"

Aliliinua. Chini yake mbao zilikuwa kavu na safi. Alilitupa majini, wakakata kebo, wakaiburuta kwa trekta hadi mteremkoni. Torcuil alifunga kontrola yake, akaunga betri kwanza, paneli mbilimbili mwisho, akinong'ona kama mtu anayembembeleza farasi.

Kesho yake barafu ilizidi. Jua lilipogonga paneli, Beathag alishindwa kukaa. Alisimama mbele ya kontrola, akatoka, akarudi. Volti hamsini na tatu. Taa ya kijani. Muuguzi alikuja na mashine, akaiwasha, ikavuta pumzi, ikashusha. Aliitazama tena ile taa ya kijani, kisha akasema, "Mleteni."

Beathag akampigia baba yake.

"Umepata wapi kebo?" mzee aliuliza, sauti ikikwaruza.

"Nimetoa jiwe lako, baba."

Kikohozi, au kicheko.

"Nililiweka waone aibu. Aibu hawana. Mbona umechelewa, binti?"

Nawe nakuuliza hivyo hivyo, mbona umechelewa? Pwani yako pia ina kitu kilichoahidiwa watu wako, kikaachwa, nawe ukakiwekea jiwe na kukilinda kwa adabu. Usingoje kofia za njano. Funga kitabu hiki, waite majirani, nendeni mkalitoe jiwe hilo leo.