Mkwe Aliyesahau Akili Nanganga

Bimdogo wa Chilangala alikuwa na msemo wake: kila mtu Mungu kampa akili yake. Binti yake mkubwa alipewa ya biashara. Mume wa huyo binti, Abdulrazaki, alipewa ya mikorosho, akiutazama mti tu anajua tawi lipi la kukata. Lakini huyu Ashiru aliyemwoa Pendo, kitinda mimba wake, akili yake bila shaka aliisahau kwao Nanganga.

Wala hakuwa anamsingizia. Kwa desturi yao mwanamume huhamia kwa mkewe na kumlimia mama mkwe, na Ashiru alilima, maskini, kwa moyo wote. Alipalilia karanga, aking'oa karanga na kuacha magugu. Akapewa mashine ya kupulizia mikorosho unga wa dawa ya salfa, akaelekea upepo unakotoka, akarudi nyumbani wa njano mpaka kwenye kope. Banda la kuku alilojenga, kuku wenyewe walilikataa.

"Mwambie mumeo," Bimdogo akamwambia Pendo siku moja, na Ashiru kaketi palepale uani, kichwa chini, "msimu huu wa korosho ukiisha sijaiona akili yake, arudi kwao."

"Mama, ananichekesha."

"Na kicheko tutakilia ugali?"

Ashiru alikuwa na la kujibu. Alikuwa nalo kila siku. Chumbani aliwaigiza wazee wa kijiji mmoja mmoja mpaka Pendo ajizibe mdomo kwa mto. Lakini mbele ya mama mkwe mwanamume hanyanyui macho, sembuse mdomo, na mwaka mzima Bimdogo hakusikia kutoka kwake zaidi ya shikamoo. Ashiru alimpenda mkewe na aliogopa kumkosa, na hofu hiyo ilimfanya alime kwa pupa na kuvunja mipini ya majembe.

Msimu haujaisha, akafariki Mzee Mahmudu, kaka pekee wa Bimdogo. Uchoyo wake ulijulikana mpaka Newala mjini, lakini ndiye aliyemlea dada yake walipobaki yatima. Bimdogo akakaa kwenye mkeka, hali, halii, hamjibu mtu. Watu wakaanza kumhofia.

Jeneza lilipokuwa tayari, Mzee Abuu, msimamizi wa mazishi, akauliza, "Watani wako wapi?"

Watani wa marehemu walikuwa ukoo mmoja wa Nanganga, na gari lao lilikuwa limeharibika njiani. Jeneza nalo halitoki bila mtani kulizuia kwa mzaha. Ingekuwa kama kumzika mtu asiye na watu.

"Huyu si wa ukoo huohuo?" akasema Abdulrazaki, akimwonyesha Ashiru, aliyekuwa akihangaika kuwasha kuni mbichi.

Ashiru akautazama mkeka wa mama mkwe. Adabu ilimtaka anyamaze, utani ulimtaka aseme, tena bila kuficha. Akimuudhi Bimdogo leo, hatangoja msimu uishe, atafunga virago jioni hiyohiyo. Akamtafuta Pendo kwa macho. Pendo akaitikia kwa kichwa.

Akaingia ndani, akatoka kavaa koti la marehemu, fimbo mkononi, akiburuta mguu kama mwenyewe. Akasimama mlangoni mbele ya jeneza.

"Karibuni, karibuni," akasema kwa sauti ya Mahmudu ya puani. "Bila shaka mmekula huko mtokako."

Mtu mmoja uani akaguna, mwingine akacheka. Ashiru akajikokota hadi jikoni, akafunua sufuria ya wali.

"Mchele wangu huu? Wote? Ningejua, ningeahirisha."

Wabeba jeneza, kwa kicheko, ikabidi walitue. Ashiru akalala kizingitini, akagoma kuondoka mpaka apewe jogoo. Alipoletewa akampapasa kifua, akasikitika. "Mrudisheni bandani. Mnachinja ovyo, kama nimekufa."

Bimdogo alikuwa kajifunika khanga usoni, na mabega yanamtikisika. Ashiru alipomwona, jogoo akamponyoka. Alijua amekwisha. Kisha khanga ikashuka, na Bimdogo alikuwa anacheka, na machozi yote aliyoyazuia yanamtiririka.

"Ndiye," akasema. "Ndiye kabisa."

Matanga yalipoanuliwa, Ashiru alirudi kuinamisha kichwa uani, na mpini mwingine ukavunjika. Bimdogo akautazama ule mpini, kisha akamgeukia Pendo.

"Mwambie mumeo jembe amwachie Abdulrazaki," akasema. "Na nikifa mimi, asiwe amesafiri."