Kwaya Ndani ya Kaseti

Kililili! Skrubu ilidondoka kwenye sahani ya bati, na Ramila akafumbua macho. Nje bado giza. Upande wa pili wa kitanda ulikuwa baridi.

"Mzee hajalala tena," alijisemea, akajitanda shali na kwenda kuteleka chai.

Mumewe Subhash alikuwa katika chumba cha nyuma ya duka lao la rangi la Keroka, ameinamia kompyuta kuukuu, ya aina ile inayounganishwa na televisheni na kusoma programu kutoka kwenye kaseti. Wengine walizitupa mashine kama hizo, yeye aliziokota, akazifungua, akabadilisha vilivyoungua. Sasa alikaa, akasimama, akaenda dirishani, akarudi kukaa. Mtoto wao Urvish angekuja asubuhi hiyo kutoka Kisii mjini. Baba na mwana walikuwa wameafikiana: mashine ikicheza ule mchezo waliocheza pamoja zamani, meza ya Subhash inabaki. Isipocheza, vyuma vyote vinatoka, chumba kiwe stoo ya rangi.

"Inawaka," Subhash alisema. "Imebaki kaseti tu. Nyanchoka atakuja kweli?"

"Amewahi kukosa kutuletea maziwa?"

Jirani yao Nyanchoka alikuwa ameazima redio kaseti yao wakati wa makambi ya kanisa lake, na kaseti ya mchezo ilikuwa ndani.

Alifika kumekucha, maziwa mkono huu, redio mkono ule, ameifuta vumbi hadi inang'aa. Ramila aliliona hilo. Subhash hakuliona, alimpokonya redio, akachomeka waya, akabonyeza.

Kwaya ikaangua wimbo, sauti nne.

"Ni sisi hao!" Nyanchoka alipiga makofi. "Mzee, kaseti yenu ilikuwa imeharibika. Inalia kriii, kama nguruwe amefungwa kamba. Nikaona aibu kuwarudishia kitu mbaya. Nikawawekea nyimbo."

Ile kriii ndiyo iliyokuwa programu yenyewe.

Mlango ukafunguliwa. Urvish alisimama akisikiliza. "Baba, kompyuta yako imeokoka?"

Hakuna aliyecheka. Subhash alianza kuchomoa waya. Nyanchoka alimtazama mmoja, akamtazama mwingine.

"Nimekosa, Mama Urvish?"

Ramila alimshika mkono. "Ulitaka kutufurahisha. Hebu niambie, ulijaza pande zote mbili?"

"Hapana. Nyimbo ziliisha upande mmoja."

"Mzee, igeuze."

"Itakuwa tupu," alinung'unika Subhash, lakini aliigeuza.

Kriiii! Mchezo ulikuwa umerekodiwa upande huo pia. Mistari ikatambaa kwenye kioo, ikakatika. Alipunguza sauti, akaanza upya. Waya ukalegea, Nyanchoka akaubana kwa vidole, asithubutu hata kupumua. Mistari ikaenda, ikaenda, kisha chura wa kijani akaruka katikati ya kioo.

"Nilikuwa nakushinda huu mchezo," Urvish alisema.

"Ulikuwa unaniibia."

Urvish alivuta kiti. Baada ya chura kufa mara kadhaa, alisema bila kugeuka, "Meza ikae. Rangi nitaitafutia mahali."

Subhash aliinuka, akatembea hadi mlangoni, ambako Nyanchoka alikuwa akichukua kibuyu chake.

"Nilikupokonya redio kama mwizi," alimwambia. "Na kaseti siwezi kukupa sasa, na ndimo zilimo nyimbo zenu."

"Si neno, mzee."

"Ni neno. Jumapili ijayo usiishie mlangoni na maziwa. Njoo ukae, unywe chai, tuisikilize kwaya. Utakuja?"