Mtaro Uliotangulia Katapila

Alfajiri ile Sulaimani na mwanawe Yasiri walianza kuchimba mtaro ambao hawakuagizwa na mtu. Walichagua kipande cha barabara ya Dranya, wilayani Koboko, kinachopita mbele ya shamba lao la muhogo, wakavuta kamba kati ya vigingi viwili, wakainama. Mzee alichimba kwa mpigo wa polepole usiokatika, aliouzoea ujanani, siku zile barabara zilipotunzwa kwa mikono na genge la vibarua likasifiwa au kuchekwa kwa mitaro yake. Kijana alichimba kama anayetumikia adhabu.

"Baba, hawajaandika mutu bado," Yasiri alisema. "Sisi iko nachimbia nani?"

"Wewe chimba. Mwenye kazi atakuja, ataona."

Kwao, anayetafuta leja-leja, yaani kibarua cha siku, hakuanza kwa kuomba. Aliingia pembeni mwa shamba la mwenye uwezo kabla ya jua kuchomoza, akapalilia mistari ya kwanza kwa uangalifu wote, kisha akakaa kungoja. Mwenye shamba akifika na kuiona palizi safi, hana uso wa kumfukuza. Hivyo ndivyo Sulaimani alivyolelewa, na hivyo ndivyo alivyokusudia kuikabili serikali.

Diwani alikuwa ametangaza mkutanoni kwamba mradi wa barabara utaajiri wenyeji wasio na ujuzi. Mwenye mikono miwili, alisema, amekwisha kufuzu. Watu walishangilia. Sulaimani hakushangilia. Alikuwa akimtazama Yasiri, ambaye begi lake lilikwisha kufungwa, safari ikiwa ni kuvuka mpaka kwenda kwenye mashimo ya dhahabu Kongo. Huko ndiko kaka yake, Tahiru, alikofukiwa na shimo lililoporomoka. Mwili haukuletwa, ililetwa habari tu, nayo ilichelewa. Baba na mwana wakapatana: barabara ikimpa Yasiri kazi, atabaki nyumbani, isipompa, ataondoka na baba hatamzuia tena.

Kwa hiyo mzee alichimba kama mtu anayezuia mlango kwa bega. Majirani walipita wakitania kwamba Sulaimani ameoa barabara. Mkewe, Poni, alileta uji, akasimama ukingoni akiutazama mtaro ule ulionyooka, kuta zake zimepigwa zikalainika.

"Iko mzuri," alisema. "Lakini hii serikali iko na macho?"

"Serikali ni watu, Poni. Mutu akiona kazi, anajua."

Katapila lilikuja kutoka Arua likiwa juu ya lori, la njano, watoto wakilikimbilia. Pamoja nalo alikuja msimamizi, msichana mmoja mpole aitwaye Victoria, amevaa kizibao cha kung'aa. Alitembea ukingoni mwa mtaro kutoka mwanzo hadi mwisho, akapima kina, akapiga picha. Sulaimani alivua kofia. Moyo wake ulijaa, na sioni sababu ya kumcheka; kwa muda huo mfupi alikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote Koboko.

"Nani alichimba hii, mzee?"

"Sisi, madamu. Mimi na kijana yangu."

"Kazi iko safi kabisa."

"Basi andika sisi."

Victoria alimtazama, kisha akautazama mtaro. "Niandike kwa kazi gani, mzee? Hapa kazi imekwisha."

Alimweleza bila dharau, na heri angedharau. Barabara ilitakiwa ifike Koboko mjini kabla ya mvua, na kwa mikono haingefika. Watu waliohitajika ni wa kushika bendera nyekundu na kijani za kuongoza magari, nao wamekwisha kuja na lori, kila mmoja na cheti chake cha sekondari. Ndivyo ulivyo mradi wa wasio na ujuzi siku hizi: ujuzi wote hushuka na lori, na wasio nao hupewa nafasi ya kutazama.

"Mimi acha," Sulaimani alisema. "Chukua kijana peke yake. Hata kufagia."

"Mzee, hata mimi kazi yangu ni ya hii barabara tu. Ikiisha, nami narudi kukaa nyumbani."

Akampungia dereva. Katapila likainua mkono wake, likaupita mtaro wa Sulaimani bila kuugusa, likaenda kuuma udongo wa jirani. Mwenye shamba angeona haya. Chuma hakioni haya, na waliokituma wako mbali mno kuonwa na mtu yeyote.

Jioni Yasiri alilitoa begi lake. Alikung'uta udongo wa mtaro miguuni, akavaa viatu. Poni alifunga muhogo mkavu kwenye kitambaa, macho yake kwa mumewe, akingoja aseme neno la kumzuia mtoto. Sulaimani alikuwa ametoa ahadi. Alikaa akiitazama mikono yake, ambayo tangu ujana ilikuwa fahari yake yote, na kwa mara ya kwanza akaichukia.

"Yasiri," aliita mwishowe. "Huko shimoni, usianze kazi kabla ya kuitwa."

Kijana aligeuka.

"Wakiuliza nani aingie mbele, wewe nyamaza. Kaa karibu na mlango. Udongo ikidondoka mgongoni, hata kidogo, toka, acha jembe ya wenyewe. Wakitukana, acha watukane." Aliushika mkanda wa begi. "Kuwa mvivu, mwanangu. Nakuomba."

Poni, ambaye katika miaka yote ya ndoa yao hakuwahi kusikia neno "mvivu" likitoka kinywani mwa mumewe ila kwa matusi, alikiweka kitambaa chini.

"Ndiyo, baba," Yasiri alijibu, kwa sauti ileile ya utii aliyokuwa akijibu nayo kila alipohimizwa afanye bidii.