Majivu ya Maganda ya Maharagwe

Wepukhulu aliiogopa rangi ile nyekundu kuliko chui wa msitu wa Kaptagat. Memsabu, mwenye shamba, alimwonya mapema: rangi hii inazuia kutu, lakini imetengenezwa kwa madini ya risasi, na risasi ni sumu. Asilambe brashi. Asile kabla ya kunawa kwa sabuni. Mkebe ukiisha, auzike mbali, asije mtu akautekea maji.

Akazishika amri hizo kama mtu aliyebatizwa jana. Nguo za kazi alizivulia stoo, na alinawa mpaka viwikoni. Vibarua wenzake, waliotoka naye Kimilili kuja kulima ngano ya wazungu huku Eldoret, walimcheka kwamba siku hizi amekuwa bwana harusi, kuoga hakumwishi. Wacha wacheke. Mkewe, Nangila, alikuwa ameharibikiwa na mimba mbili, na hii ya tatu ilikuwa imekwisha kuanza kucheza tumboni. Hakuna sumu ambayo ingeingia nyumbani kwake kupitia mikono yake, aliapa.

Maua ya Memsabu yalitambaa juu ya fito za chuma, na mvua za huku hazina huruma na chuma. Kabla ya kupaka rangi mpya, ile ya zamani ilibidi ibanduliwe, na Memsabu alitaka chuma kiloweshwe kwanza, ndipo kikwaruzwe polepole, vumbi lisiruke. Kazi ya konokono. Wepukhulu akagundua njia yake: ukizilaza fito motoni, rangi inafura na kubanduka yenyewe. Memsabu hakuulizwa. Aulizwe nini? Nguo za mgonjwa huchomwa, kibuyu kilichooza hufukizwa. Tangu utotoni Wepukhulu alijua kwamba moto ukipita mahali, ubaya umekwisha.

Kuni zilikuwa haba, kwa hiyo akachochea moto wake kwa maganda makavu ya maharagwe yaliyorundikwa nyuma ya ghala. Laiti angechoma kitu kingine chochote. Kila Mbukusu anajua kwamba majivu ya maganda ya maharagwe hutoa musherekha mzuri kushinda majivu mengine yote: unayatia kwenye chungu chenye matundu, unayamwagia maji, na yale yanayochuruzika chini, mekundu kama chai ya rangi, ndiyo chumvi ya kulainishia kunde. Tangu apate mimba, Nangila hakutamani kitu kingine. Na katika nchi hii ya ngano mwanamke angeyatoa wapi majivu hayo?

Wepukhulu alijaza debe zima akampelekea. Alinawa mikono kwanza.

Walikula kunde hizo jioni baada ya jioni, na Nangila alimsifu mumewe mbele ya majirani mpaka akaona haya. Kisha tumbo likaanza kumsokota. Choo kikafunga, mikono ikalegea hata sufuria ikawa inamponyoka. Wepukhulu naye viungo vilimuuma, akasingizia baridi. Mtoto alitoka kabla ya wakati wake, wa kike, akiwa amekwisha kufa. Wakamzika kando ya shamba la mahindi. Wanawake wa laini, yale makazi ya vibarua, walikuja wakaketi na Nangila, wakamtekea maji na kumlilia. Mwenyewe alikuwa ameamini kwamba tumbo lake ndilo linaloua watoto.

Wepukhulu aliporudi kazini alianza kwa kuzoa majivu ya moto wa mwisho. Koleo likagonga kitu. Akainama, akaokota punje za kijivu, ndogo kama mtama lakini nzito ajabu. Akaikwaruza moja kwa ukucha, ikakwaruzika na kung'aa. Risasi aliijua. Moto haukuwa umeiua sumu. Ulikuwa umeidondosha ndani ya majivu, naye akaibeba kwa furaha hadi jikoni kwa mkewe. Alikaa chini pale pale. Mchuma janga hula na wa kwao, lakini huyu alimlisha hata ambaye hakuwa amezaliwa.

Alimkuta Nangila amelala. Akachukua debe, akaona limebaki majivu kidogo sana chini, akatoka kuyazika. Aliporudi alipiga magoti kando ya kitanda.

"Si tumbo lako," akamwambia. "Mtoto nimemuua mimi. Yale majivu yalikuwa na sumu ya rangi."

Alingoja atukanwe, na angeshukuru kwa tusi lolote. Nangila akajiinua kwa kiwiko.

"Debe sikulimaliza peke yangu," akasema. "Wenzangu walikuja kulia na mimi, na sikuwa na kitu cha kuwapa. Kila mmoja aliondoka na bakuli la majivu."

Wepukhulu alitoka mbio. Ilikuwa saa ya kupika, na laini nzima ilinukia kunde. Katika nyumba ya kwanza, Rosebella, mama wa watoto wanne, alikuwa anapakua. Alimkaribisha mfiwa kwa heshima, akampangusia kigoda, akamsihi ale nao kwa sababu amekonda. Watoto walikuwa wamekwisha kuanza.

"Mama, wanyang'anye," akasema Wepukhulu, na kabla ya kueleza kwa nini akanyakua bakuli la mtoto aliyekuwa karibu.